Soprano wa Ngazi za Soko la Dagaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wauza dagaa wa soko la vyakula vikavu mjini Daegu, Korea Kusini, wanafungua maboksi yao ya kwanza. Juu yao, kwenye ngazi za saruji kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mwanamke aliyevaa koti zito na soksi za sufu anaimba.

Haimbi kwa nguvu. Sauti inatoka nyembamba, inapanda ukuta, inagonga dari na kumrudia. Akimaliza mstari mmoja anatulia, anasikiliza kilichorudi, kisha anaanza upya. Mchukuzi mwenye maboksi mawili begani anampita akiinamisha kichwa, naye anamwitikia kwa kichwa bila kukata pumzi.

"Leo koo limeamka vizuri," anasema Tak Eun-suk, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, huku akifunga skafu yake. "Juzi lilinigomea. Nikaliacha lilale."

Huyu ndiye soprano, mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, aliyewainua watu vitini mwezi uliopita katika jumba la opera la mji, alipoimba nafasi ya mfuma hariri anayekataa kuuza mtambo wa mama yake. Wengi waliompigia makofi hawakujua kwamba miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameshushwa cheo, na kwamba alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu kabla ya kuonyeshwa mlango.

Eun-suk alizaliwa Uiseong, kwa wakulima wa vitunguu saumu. Sauti yake ilianza kusikika katika kwaya ya kanisa dogo ambako mama yake alifagia sakafu na baba yake alilala usingizi wakati wa mahubiri. Alisoma muziki Daegu, akaenda Italia miaka miwili, akaosha vyombo hotelini mchana na kuimba jioni. Aliporudi aliajiriwa na kundi la opera la mji, na yumo humo kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Mshahara wa mwimbaji haumtoshi mtu mwenye watoto wawili chuoni, kwa hiyo mchana hufundisha kuimba katika chumba cha kupanga juu ya duka la dawa. Vijana wanaojiandaa kwa vyuo vya muziki humlipa won elfu hamsini kwa somo. Wanawake sita wa sokoni, wanaokuja kila Jumanne kwa ajili ya kujifurahisha, hulipa nusu ya hiyo, na pengo huzibwa kwa mifuko ya dagaa.

Tatizo lilianzia kwenye gari. Eun-suk anakaa ghorofa ya kumi na nne, na jirani wa chini yake ana masikio makali. Kama waimbaji wengi wa mji huu, alizoea kushuka hadi maegesho ya chini ya jengo, kufunga vioo vya gari lake na kufanyia mazoezi humo. Alifanya hivyo miaka kumi na tano.

"Gari linameza sauti," anasema. "Viti vinameza, zulia linameza. Nikiimba humo najisikia mdogo, basi nasukuma. Kesho yake nasukuma zaidi. Mwisho sikujua tena kuimba bila kusukuma."

Sauti inayosukumwa miaka mingi huanza kuyumba. Noti ndefu ya juu, inayotakiwa kusimama wima kama mshumaa usiopata upepo, inaanza kwenda huku na huku. Mwenye sauti ndiye wa mwisho kuisikia.

Kila baada ya miaka miwili, waimbaji wa kundi hilo hufanya mtihani. Wanaimba nyuma ya pazia jeusi, mmoja mmoja, kwa namba. Anayepata chini ya alama sabini na tano hushushwa kutoka waimbaji wakuu hadi kwenye kwaya ya nyuma. Akianguka mara ya pili, mkataba wake unaisha.

Eun-suk, aliyezoea kupata alama tisini na kuwa wa kwanza au wa pili, alipewa alama sitini na nane. Karatasi haikuandika sababu.

Alijieleza sababu mwenyewe. Waamuzi walitaka damu changa. Pazia lilikuwa na tundu. Mmoja wao alikuwa na mpwa anayetafuta kazi. Aliyasema hayo nyumbani, aliyasema kwa wenzake, na Jumanne iliyofuata aliyasema mbele ya wanafunzi wake wa sokoni, waliokuwa wakimenya viazi vitamu vya kuchemsha na kunywa chai ya shayiri. Wote walisikitika naye. Mmoja alisema waamuzi wa siku hizi ni viziwi.

Pyo Bun-nam, muuza dagaa mwenye miaka sabini na moja, aliweka kiazi chake chini.

"Mwalimu, usinikasirikie," alisema. "Hawakukosea."

Alijifuta vidole.

"Mimi mzani wangu ukicheza gramu tano nauona hata kabla mteja hajauona. Sauti yako inacheza, Mwalimu. Mwaka wa tatu huu."

Eun-suk aliwageukia wengine na kuwauliza nani mwingine aliyesikia hivyo. Kisha mkono mmoja ukapanda polepole, ukafuata wa pili, mpaka mikono yote mitano iliyobaki ikawa juu, na vichwa vyote vikiwa vimeinama.

Aliwauliza kwa nini walinyamaza. Mmoja wao, muuza maharage, alijibu kwa sauti ya chini kwamba mtu hawezi kumwambia mwalimu wake jambo kama hilo. Bun-nam alisema yeye anaweza, kwa kuwa alianza kuvaa viatu wakati mama yake mwalimu hajaolewa.

"Na ukinifukuza narudi kwa dagaa wangu," aliongeza. "Ndiko ulikonitoa."

Eun-suk hakumfukuza. Alifunga darasa wiki mbili. Anakiri kwamba wiki ya kwanza aliimaliza kwa hasira, na kwamba hata harufu ya mchuzi wa dagaa jikoni kwake ilimchefua. Wiki ya pili alijirekodi kwa simu kanisani, ukumbi ukiwa mtupu, akakaa kwenye benchi la nyuma na kujisikiliza. Alisikiliza mara moja tu.

"Nilidhani ni simu," anasema. "Nikaazima simu ya mchungaji. Ikayumba vilevile."

Wakati huo Gil Ha-yan, mwanafunzi ambaye Eun-suk alimlea kisauti tangu akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amerejea kutoka Ujerumani alikoimba nafasi kubwa kwa miaka tisa, na alikuwa akifundisha chuo kikuu. Eun-suk alimfuata ofisini, akabisha hodi, akamwomba amfundishe.

"Mwalimu, niombe figo," Ha-yan alimjibu. "Hili siwezi."

Kwa mwanafunzi kumkosoa mwalimu wake uso kwa uso ni jambo la kumtoa jasho. Ha-yan naye alikuwa ameisikia sauti ile ikiyumba kila alipokuja likizo, na kila mara alikuwa amempelekea maua na kuondoka. Alipoulizwa hilo, alilia. Eun-suk hakulia. Alimwambia maua yamemgharimu alama ishirini na mbili, na sasa anataka masomo.

Walikubaliana kwa namna yao. Miezi ya mwanzo, Ha-yan alifundisha akiwa ameutazama ukuta. "Uko chini ya noti, Mwalimu," alikuwa akiuambia ukuta. "Tena. Samahani. Tena." Alipiga marufuku gari. Alimkataza kuimba kwa nguvu hata mara moja kwa miezi mitano, na akamtaka atafute mahali penye kuta tupu, panaporudisha hata mnong'ono, ili kosa limrudie mwenyewe sikioni.

Bun-nam ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma wa soko, wenye ngazi za saruji. Mwanamke aliyezoea kuujaza ukumbi wa watu elfu moja mia tano bila kipaza sauti akawa anaimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, na wachukuzi wakambatiza jina la Mbu wa Ghorofa ya Tatu.

"Lilinichoma," anasema akicheka. "Lakini nilijua wananisikia. Mbu humsikii isipokuwa analia sawasawa."

Mwezi wa nne wa masomo noti ya juu ilisimama kwa kuhesabu tatu. Mwezi wa saba ilisimama kwa kuhesabu tisa. Siku hiyo Ha-yan aligeuka kutoka ukutani, na hajaurudia tena.

Mtihani wa pili ulikuja majira ya kuchipua mwaka huu. Eun-suk alipewa namba kumi na nne. Alivua viatu ili hatua zisimtambulishe, akatembea juu ya zulia hadi kwenye alama ya kusimamia, mbele yake pazia jeusi. Kukohoa hakuruhusiwi, wala kusafisha koo. Kama angeanguka, miaka ishirini na miwili ingeishia kwenye zulia hilo.

Kabla ya noti ndefu ya mwisho, mwili wake wote ulitaka kusukuma. Anasema aliuhisi mguu wa kulia ukijikaza kama anayekanyaga breki. Akaulegeza. Akaiacha noti itoke ndogo, akaiacha ikue yenyewe mpaka ikaujaza ukumbi, kisha akairudisha hadi ikabaki uzi. Haikuyumba. Nyuma ya pazia alisikia mtu akiweka kalamu mezani.

Alipata alama tisini na nne, ya kwanza kwa sauti zote za kike. Wiki mbili baadaye alipewa nafasi ya mfuma hariri, nafasi kuu, ya kwanza kwake baada ya miaka sita.

Siku ya onyesho vibanda kumi na kimoja vya soko vilifungwa mapema. Wenye vibanda walikaa safu moja, wamevaa nguo za harusini, wamebeba biskuti kwenye mikoba. Mwishoni pazia lilifunguliwa mara saba ili Eun-suk ainame na kushukuru, na mara ya saba kiongozi wa okestra alikuwa akipiga makofi pamoja na watu.

Ha-yan alimshika mikono nyuma ya jukwaa. Bun-nam alimtazama kwa muda, kama anayesubiri sindano ya mzani itulie.

"Haichezi," alisema, akaenda kutafuta basi.

Sasa Eun-suk ana wanafunzi kumi na tisa, na darasa lake lina sharti jipya: kabla ya kuondoka, kila mmoja lazima ataje kosa moja alilolisikia kwa mwalimu siku hiyo. Vijana waliteseka mwanzoni. Mmoja alisema viatu vya mwalimu havilingani na sketi. Siku hizi wanataja pumzi, irabu na mdomo, na yeye anaandika.

Anapanga kuimba nafasi kuu mpaka afikishe miaka sitini. Baada ya hapo, anasema, sauti itakuwa na haki ya kuondoka, ila hataki iondoke kwa siri. Ndiyo maana ameandika karatasi: mtu atakayesikia sauti yake ikianza kuyumba tena atamwambia siku hiyo hiyo, bila maua. Ha-yan ametia sahihi.

Bun-nam alisukuma kalamu pembeni.

"Mwalimu," alisema, "mimi nikisikia, siwezi kungoja mpaka usiku uingie."