Amsha Popo

Jana harusini, ukumbi mzima ulinuka kinyesi cha popo kutoka darini. Mshereheshaji akasema, "Amsha popo," na vijana wakapiga meza, wakapuliza mavuvuzela. Wanasema ni neno la mjini, maana yake kelele na raha. Mimi sikupiga kitu. Nalijua neno hilo tangu lilipokuwa jiwe.

Tulipovuka ziwa kutoka Burundi, tulilazwa ng'ambo, Kibirizi, katika ghala kuukuu la dagaa, popo wamejaa juu yetu. Kila alasiri watoto wa pale walikuja kurusha mawe juu ya bati. "Amsha popo, amsha popo," walipokezana. Popo walitoka kama moshi, na sisi tukajificha chini ya mikeka tukilia, maana mlio ule wa bati, kama wa risasi, ndio tulioukimbia nyumbani. Wapagazi waliokuwa wakipita na magunia walisimama wakacheka. Watu wazima, wenye watoto wao. Hao sijawasamehe mpaka leo.

Mama hakuwa amefungua kinywa tangu tushuke botini. Siku ya tatu alitoka nje, watoto wakatimua mbio. Hakuwafuata. Aliyaokota mawe yao, akaanza kuyarusha yeye mwenyewe juu ya bati, moja baada ya jingine, juu ya vichwa vyetu.

"Mnasikia?" alifoka. "Ni amabuye gusa. Ni mawe tu."

Alirusha mpaka sote tukanyamaza. Kisha akakaa chini palepale nje, akaanza kulia yeye.