Mpira Niliomwahidi Mbuyi

Admin, nifiche tafadhali, maana hapa Lubumbashi tunajuana hadi vizazi. Nina miaka themanini na sita, natembelea fimbo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia haya, na tangu nianze kumsimulia hanitazami usoni.

Miaka ya sitini, wakati jimbo letu la Katanga limejitenga na Kongo, nilikuwa nafundisha timu ya raga ya vijana wa kazini kwetu. Nguzo zangu zilikuwa Kapenda, mgawa mpira, na Mbuyi, Mkasai, yaani mtu wa jimbo la Kasai, mwenye mbio za ajabu. Majina si yao. Siku hizo Wakasai walikuwa wakiandamwa mjini kama wageni, nami nilijiona mwema kwa sababu tu sikumfukuza.

Tukibakiza mita tano kufika mstari wa wapinzani, nilikuwa na mbinu moja. Mmoja anakimbia kasi kama anayepewa mpira, wapinzani wanamrukia, kumbe mpira unakwenda kwa mwingine nyuma yake. Wakimbiaji wangu walipokezana kuwa chambo, na kila mmoja alijua siku yake. Siku ya mechi kubwa, zamu ya kufunga ilikuwa ya Mbuyi. Nikatazama watu waliojaa pembeni, nikaogopa watasema nini Mkasai akitufungia. Nikamwambia, "Mbuyi, ballon iko yako, kimbia tu." Kisha nikamnong'oneza Kapenda, "Usimupe. Mupe ule wa nyuma."

Kapenda, aliyeniita Yaya, yaani kaka mkubwa, kama vijana wote, akaniuliza, "Yaya, ye anayua?"

Nikamwambia anyamaze.

Anayejua kuwa ni chambo hujikunja kabla ya kugongwa. Mbuyi hakujikunja. Alikimbia mikono imenyooshwa, anangoja mpira. Wawili wakamvaa, mfupa wa bega ukavunjika. Sisi tukafunga, mimi nikabebwa juu juu kama bwana harusi.

Wiki hiyohiyo alikimbilia kambi ya wakimbizi Wakasai, mkono umefungwa. Nilimpelekea unga, akanishukuru huku analia. "Yaya, Kapenda alinikatalia ballon juu mi niko Mukasai." Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza!

Alirudi baada ya miaka, akajenga mtaa wa Makomeno, hapahapa mjini. Mkono ule haujapanda tena juu ya bega. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina langu. Mbuyi hamsalimii Kapenda mpaka leo, hata wakikutana kanisani, na Kapenda hajanitaja kamwe.

Sasa Kapenda yuko kitandani, madaktari wamemrudisha nyumbani. Jumapili alinishika mkono: "Yaya, mi niko naenda. Mbuyi ayue." Nikamwahidi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mbuyi, nikala bukari yake, ugali wa kwetu, nikaishia kusema tu kwamba Kapenda anaumwa.

Akajibu, "Mungu amusaidie. Mi nilikuwa na weye, Yaya. Inatosha."

Nikachukua fimbo yangu nikarudi nyumbani. Aibu imenijaa mpaka silali.

Ninyi mnaosoma, nimwambieje mtu aliyempa mwanawe jina langu kwamba aliyemnyima mpira ni mimi? Nijibuni upesi, wanangu. Tangu jana Kapenda hali chakula, na bado ananitunzia siri.