Chungu Alichokiruka Mama

Baba yangu na baba mkwe wangu walipokuwa wanapatana mahari, walikuwa marafiki wa kunywea kibuyu kimoja. Mwaka haujaisha, ukaja ugomvi juu ya mangi, chifu wetu. Serikali ya Mwingereza ilimtaka huyu, watu wengi hawakumtaka, habari za kodi na ardhi zikaingia humo humo, na kufumba na kufumbua kila boma huku mlimani Meru likawa na upande wake. Baba mkwe alikuwa mjumbe wa mangi, mtu wa kuvaa koti la kaki hata jua likiwaka. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliomkataa. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimeshaolewa, na mwanamke aliyeolewa anahesabiwa kuwa wa upande wa nyumba anayolala.

Watu wakifikiria vita hufikiria bunduki. Sisi hatukuwa na bunduki, ila nyumba zilichomwa na watu walikatwa mapanga migombani, na katikati ya hayo ilibidi tuendelee kuchota maji na kupika. Njia ya kwenda mferejini iliyopita kwenye shamba la jirani ikafungwa kwa miiba, kwa sababu jirani alikuwa wa upande wa pili. Moto ukikuzimikia huendi tena kuomba kaa kwa mtu wa karibu, unakwenda kwa mtu wa upande wako, hata kama ni mbali na mvua inanyesha. Kanisani wale walikaa kushoto, sisi kulia, na mchungaji, maskini, akawa anahubiri huku akiutazama ukuta wa nyuma. Mume wangu alikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mjini, amepanga chumba Kijenge, na zamani alikuwa anakuja kila Jumamosi. Darajani wakaanza kukaa vijana wenye marungu wanaouliza watu ni wa nani. Siku moja alijibu vibaya, akarudi mjini na mkono uliovunjika, na tangu hapo akawa anatuma salamu tu.

Kisha upande wa kina baba wakavunja chungu.

Kwetu kuvunja chungu si mchezo. Mzee anakipasua chungu chini na kutamka laana, na kila aliyekubali anaviruka vigae vyake. Safari hii walitamka kwamba atakayekula chombo kimoja na watu wa mangi, watoto wake wavunjike kama kile chungu. Waliogopa wanawake wasije wakayalainisha mambo kwa kupeana vyakula, kwa hiyo wake nao wakarukishwa. Mama yangu akaruka. Alikuwa amezaa watoto watano na kuzika wanne. Aliyebaki ni mimi.

Wakati huo nilikuwa na mimba kubwa.

Mzazi wa kwetu hatoki nje. Hukaa ndani karibu na moto miezi mitatu, ananyonyesha na kulishwa, na mama yake mzazi ndiye anayekuja kumkanda na kumpikia mtori wa ndizi na mifupa. Nilijifungua mtoto wa kike. Siku zikapita, mama hakuja. Kule ndani kuna giza mchana kutwa, moshi unakuuma macho, ndama anakojoa hatua chache kutoka kitandani, na mimi nilikuwa nasikiliza kila mlio wa miguu uani. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia baba zaidi. Mangi mwenyewe sikuwa na nafasi ya kumkasirikia, sikuwahi hata kumwona.

Asubuhi moja nikasikia sauti yake. Alikuwa amesimama mpakani, nyuma ya ua wa mimea ya masale, na kibuyu cha mtori aliopika kwake. Alikuwa amewaza njia nzima: kiapo kinamkataza kula nasi, hakimkatazi kuleta chakula. Nilitaka kutoka mbio. Wifi yangu akakaa mlangoni, akaniambia nikitoka kabla ya siku zangu mtoto atapatwa na ubaridi, na nilijua hatahama pale.

Mama mkwe akaenda mpakani. Sikuwaona, nilisikia tu kupitia ukuta wa udongo. Ukimletea mtu chakula au pombe unaonja kwanza mbele ya macho yake, ndipo naye anapokea. Ni desturi ya kila nyumba hata wakati wa amani, kuonyesha kwamba hukutia kitu. Je, wakati kama ule?

"Onja tu, mkwe wangu, nimpelekee," mama mkwe alisema.

Mama akamjibu:

"Mkwe, unajua siwezi."

Wote wawili walijua. Mama akionja kibuyu kile, kisha mimi nikanywa, tumekula chombo kimoja, na laana ni ya kuua watoto. Asipoonja, baba mkwe hawezi kuruhusu chakula cha nyumba iliyoapa kiingie kwake kumfikia mjukuu wake kwa maziwa yangu. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na njaa ya mama yangu. Nikasikia mtori unamwagwa kwenye shina la mgomba. Mama mkwe ndiye aliyeumwaga, akarudi ndani anafuta macho kwa kanga, akanipikia mwingine mzuri tu. Nilishindwa kuumeza.

Mama alirudi tena, na tena. Kila mara na kibuyu, kila mara ombi lile lile na jibu lile lile. Mara moja, nasema hili kwa sababu ndivyo hali ile ilivyotufanya, nilijiuliza kama kweli hakutia kitu. Mama yangu mwenyewe! Nikalia mpaka mtoto akaamka. Mwishowe akawa anakuja mikono mitupu, anasimama pale masaleni na kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Kimeru kwa sauti ya juu, anapita zake.

Ugomvi ulichoka wenyewe kabla ya serikali kuumaliza. Binti yangu alikuwa ameshaanza kutembea wazee wa pande mbili walipokutana mtoni, wakachinja kondoo, wakaifungua laana na kunywa pombe ya ndizi. Baba na baba mkwe walikuja nyumbani kwetu wameshikana mabega, wanapokezana kibuyu kimoja na kucheka kana kwamba walikuwa safarini. Nyuma yao, polepole, alikuja mama. Nilimkumbatia mpaka akaniambia namuumiza.

Nilikuwa nimepika mtori. Nikauonja mbele yake, nikampa. Akauweka chini.

"Nimeshiba, mwanangu. Nimekula nyumbani."

Namjua mama yangu akiwa ameshiba. Nikamwambia yamekwisha, wamefungua. Akatazama uani walikokuwa baba na baba mkwe.

"Chungu tulikiruka wote," alisema. "Kukifungua walikwenda wanaume peke yao. Mimi nani amenifungua?"

Nikatoka na hasira zangu kumwuliza baba. Akacheka, akasema mke hufunguliwa na mumewe, nani amewahi kuwaita wanawake kwenye kondoo wa wazee? Nikamtajia kwamba kwenye kuruka waliitwa. Akaniambia nisimharibie siku. Nikarudi ndani, nikamweleza mama vile vile alivyosema. Alinisikiliza vizuri, kama mtu anayependa kuamini.

"Labda ni kweli," alisema. "Lakini nina wewe mmoja. Sina wa kujaribia."

Binti yangu alikuwa anakula ndizi iliyopondwa, ameipaka mpaka kwenye masikio. Alimtazama yule bibi mgeni, akamwendea, akajishika kwenye magoti yake na kumnyooshea konzi ya ndizi mdomoni. Mama akafumba midomo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono yake imemshika mtoto kiunoni asianguke. Mtoto akadhani ni mchezo. Akacheka, akamsukumia tena ndizi mdomoni, na mama akageuza uso.