Zizi Juu ya Chemchemi

Asubuhi ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku nilipoanza kumchukia mtu asiyenikosea. Nilikuwa mke mpya kule Muheto, wakati wa Wabelgiji. Mkaguzi wa afya alifika na daftari lake. Kwa kawaida alipita nyumba kwa nyumba, akifunua mitungi ya maji, akichungulia mashimo ya takataka, akiinamia vitanda kutafuta kunguni. Siku ile alikuja moja kwa moja kwetu, akazunguka nyuma, akasimama penye zizi la ndama wangu. Lilikuwa juu kidogo ya chemchemi ya kijiji, na mvua ilikuwa inateremsha mavi mpaka majini. Mume wangu akachukuliwa, afungwe siku saba.

Nani alimwelekeza? Nikamshuku jirani yangu, Mama Riziki. Tangu siku chache alikuwa ameacha kuchota pale, anapanda mlima mwingine na mtungi wake, na tukikutana njiani anatazama chini. Mtu asiye na kosa anaficha macho kwa nini? Nikamnyima maziwa niliyozoea kumpa Riziki, mtoto wake, aliyekuwa anaharisha. Nje ya kanisa nikawaambia wanawake, "Kikulacho kiko nguoni mwako," huku namtazama yeye. Wakaacha kumsalimia. Ninaona haya kukusimulia, lakini nyani asipoonyeshwa kundu lake, ataliona lini?

Siku ya tano mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.

"Wachana na ule mama. Ni miye njo niliambia mukaguzi."

"Mama, ulifungisha mutoto yako?"

"Nilikuambia mara tatu uhamishe ndama. Ukasema ni wivu ya wazee. Riziki alikuwa nakufa. Ningengoja wamuzike?"

Nilibeba maziwa nikaenda. Mama Riziki alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, shingo ya Riziki imekuwa nyembamba kama kijiti.

"Nilijua ni maji ya zizi yako," alisema. "Sikukushitaki, juu ya vile ulikuwa unaniita dada."

Nikaomba msamaha. Alipokea maziwa, hakunikaribisha ndani. Mtoto alipona. Mume wangu alirudi, tukahamisha zizi. Lakini mwaka mzima ulipita kabla Mama Riziki hajaketi tena kwangu, na wale wanawake, nilipowaambia nimekosea, wengine hawakutaka hata kusikia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, ukishitakiwa, usikimbilie kuuliza ni nani aliyesema. Uliza kwanza kama alichosema ni kweli. Na ukiona mtu anakuepuka, mwendee umuulize yeye mwenyewe, usiache moyo wako ujibu mahali pake. Moyo wenye hasira unajibu haraka, tena vibaya. Mungu akupe maji safi, mwanangu, na jirani asiyeogopa kukuambia.