Mchezo Alioujua Mama kwa Masikio

Juma lililopita nilikuwa jikoni nikichambua ndengu wakati mwanangu alipopiga ukelele sebuleni. Nilidhani ameungua, au amepata habari ya msiba. Nikatoka mbio, ungo mkononi, nikamkuta amesimama juu ya kiti, simu mbele ya uso, na binamu zake wawili wakipayuka ndani ya simu hiyo.

"Mathe, wametangaza! Mashine mpya ya gemu! Kuja uone!"

Nikaangalia. Kilikuwa kisanduku cheusi kikizunguka polepole penye mwanga, kama pete kwenye kabati la sonara. Hakijaanza kuuzwa, na siku ya kuuzwa haijulikani, lakini vijana walikuwa wamekwisha kugawanyika. Mmoja alishikilia kwamba ni ileile ya zamani iliyopakwa rangi. Mwingine aliapa kwamba atauza figo aipate.

"Figo yako nani atanunua, na vile umeijaza chipsi?" mwanangu akamjibu, wakacheka hadi simu ikakwaruza.

Nilirudi jikoni nikiwa natabasamu. Nilipokaa tena na kushika kajiwe nilikokatoa kwenye ndengu, tabasamu likaniishia. Nilitambua kwamba kwa miaka mingi mwanangu amecheza michezo yake umbali wa hatua sita kutoka hapa ninapopikia, nami sijawahi kuutazama hata mmoja hadi mwisho. Ninaijua kwa sauti tu. Najua kishindo cha kushindwa na kengele za kushinda, na baina ya hayo mawili nimejijazia mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa mama yangu.

Kama ulikulia Kawangware miaka ya themanini ilipoanza, ploti yetu unaifahamu bila mimi kuichora: safu mbili za vyumba vya mabati zilizotazamana, ua mwembamba katikati, bomba moja langoni, na kamba za nguo zilizotulazimisha watu wazima kwa watoto kutembea tumeinama. Saa kumi na mbili jioni majiko ya makaa yalitolewa nje yote kwa pamoja. Harufu ya vitunguu ilitoka mlango wa kwanza ikafika wa mwisho, ikikusanya njiani harufu ya omena, ya sukuma wiki, na ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliochemka mlangoni petu. Sisi tulikuwa watu wa Kitui. Jirani yetu, fundi wa viatu, alikuwa ametoka Magharibi, na Jumapili mkewe alivaa joho jeupe akaondoka na ngoma ya kanisa begani.

Mama alifanya kazi ya nyumbani ng'ambo ya bonde, kwenye mitaa yenye ua wa kayaba na mbwa wanaoogeshwa. Aliondoka umande ukiwa majanini na kurudi jua likiwa limelegea, nguo zake zikinukia sabuni ambayo haikuwa yetu. Watoto wa mwajiri wake, mama mmoja wa Kizungu, walikuwa na mashine iliyounganishwa na televisheni. Walipocheza, mama alikuwa jikoni au kwenye meza ya kupigia pasi. Alipoingia sebuleni, wao walikuwa shuleni. Kwa hiyo mashine yenyewe aliijua kwa kitambaa cha vumbi, na mchezo wake aliujua kwa masikio.

Lakini alivyoujua! Jioni, akichambua ndengu mlangoni, aliweka mkebe mtupu miguuni na kutusimulia. Mle ndani ya mashine, alisema, kuna ndege aliyefungiwa nyumbani. Anagonga dirisha: mama alidondosha kajiwe mkebeni, tik. Anageuka na kugonga mlango: mama aligonga ubao wa kizingiti kwa kifundo cha kidole, tok. Tik, tok, tik, tok, kila mara haraka zaidi, mpaka apate upenyo atoroke. Na hapo mama alifumba midomo akatoa mngurumo mzito kutoka kifuani, buuu, ambao hata fundi wa viatu aliinua nyundo kuusikiliza.

Tukaufanya kuwa mchezo wetu. Mtoto mmoja alikuwa ndege, wawili walikuwa walinzi, kila mmoja na ndara mkononi, na ndege alikimbia baina yao kwa kufuata mkebe. Buuu ikimkuta ndege upande wako, umemwachilia, unatoka. Mama ndiye aliyeamua. Leo naelewa kwamba alikuwa akitutazama zaidi kuliko ndengu zake, kwa sababu ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na kifua kibovu, hakutoka upesi hata siku moja. Kila alipoanza kutweta, ndege alipunguza mwendo.

Ilikuwa Ijumaa. Mama alirudi, akavua viatu, akakaa mahali pake mlangoni na ungo wake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Ile mashine ya wale watoto tutapewa sisi, kwa sababu wenyewe wanarudi kwao mwisho wa mwezi, na kazi yangu inaisha."

Sisi tuliishia kwenye "tutapewa sisi." Kabla hajafika kwenye "mwisho wa mwezi" tulikuwa uani tumeangusha ndoo ya mtu.

Laiti ungekuwapo ukaona namna ploti ilivyoipokea habari hiyo. Msichana wa mlango wa tatu alinishika mkono akanikagua machoni.

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Lamba kidole uape!"

Nikalamba kidole, nikakielekeza mbinguni. Mtoto wa muuza makaa, aliyekuwa mkubwa wetu na mjuzi wa mambo yote, alitema mate pembeni. "Wazungu hawawezi toa kitu nzima. Hiyo imekufa, wanatafuta pahali ya kuizika."

"Wivu tu!" ndugu yangu akamwambia. "Wewe hutashika hata waya."

"Na stima mtatoa wapi? Mtachomeka kwa muthokoi?"

Wote wakaangua kicheko, nami nikakasirika hadi machozi. Ni fundi wa viatu aliyetuokoa. Alikuwa na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, na bila kuinua macho kutoka kwenye soli aliyoishona alisema, "Leteni hapa. Lakini mkivunja kitu, nawashona midomo." Basi shangwe zikapanda. Zamu zikaandikwa kwa mkaa kwenye mabati. Walioniudhi niliwapeleka mwisho, na mtoto wa muuza makaa alininunulia mabuyu ili nimrudishe mbele.

Katika kelele zile mke wa fundi alikuwa amekuja kuomba chumvi. Nakumbuka aliinama mbele ya mama akamuuliza, "Sasa wewe utaenda wapi, dada?" Nililisikia swali hilo. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, mwenye akili darasani, msomaji wa kila karatasi iliyofungiwa sukari, na nilifikiri anamuuliza kuhusu sokoni.

Siku zilizofuata tulizungumza juu ya mashine peke yake. Tulibishana kama ndege ana rangi, kama anakula, kama atatujua. Jioni moja mama alikaa na mkebe wake kama kawaida, akadondosha kajiwe. Tik. Akangoja. Tulikuwa tumekusanyika kwenye orodha yetu ya mkaa, tukipanga zamu upya. Akadondosha kingine. Hakuna aliyenyanyuka. Niligeuka, nikamwona ameshika cha tatu baina ya vidole, halafu akakitupa uani kwa mwendo mdogo wa mkono, kama mtu anayefukuza kuku.

Alirudi na mashine siku yake ya mwisho ya kazi, ndani ya katoni aliyoibeba kichwani bondeni kote. Kifuani alikuwa amebeba barua. Alinipa kwanza hiyo barua nimsomee, kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza. Ilisema kwamba ni mwaminifu, msafi, na hodari wa kupiga pasi. Niliisoma mbiombio, jicho kwenye katoni, nikaruka mstari. Mama aliomba nirudie. Nikamwambia, "Ni hivyo tu, Mama, wamekusifu."

Kesho yake, Jumamosi mchana, tulijazana chumbani kwa fundi hadi mlango haukufungika. Alizungusha vifundo kwa muda mrefu huku chenga zikinyesha kwenye kioo. Hatimaye zikatulia. Tukaona kiza, mistari miwili mifupi myeupe, mmoja kila upande, na baina yao doa dogo linalokwenda na kurudi. Tik. Tok. Sauti zilikuwa nyembamba, kama za saa ya mkononi.

"Ndege iko wapi?" akauliza mtoto wa muuza makaa.

"Si hiyo," nikasema, nikionyesha lile doa.

Dakika chache baadaye tulikuwa tumelisamehe doa kwa kutokuwa ndege. Tulipiga kelele, tukasukumana, tukaitana majina mabaya. Msichana wa mlango wa tatu alimshinda mtoto wa muuza makaa mara mbili, akamwambia arudi kwao akaoge masizi. Ndipo mtu alipokumbuka kumwita mama. Alikuja akifuta mikono kwenye leso, tukampasulia njia. Aliinama akatazama kioo kwa muda. Alikuwa amelisikia jambo hili kwa miaka mitatu.

"Ni hako tu?" aliuliza. "Kajiwe?"

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. "Mama alituambia ni ndege!" Nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilimwonea haya na nilitaka ionekane kwamba mimi si mmoja wa waliodanganyika. Mama naye alicheka. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na aliendelea kutabasamu hata baada ya sisi kurudi kwenye zamu zetu. Nilipogeuka tena hakuwapo.

Kuanzia Jumatatu aliondoka na barua ile, akabisha lango moja baada ya jingine ng'ambo ya bonde. Alirudi mapema kila siku, na kurudi kwake mapema ndiko kulikotufundisha kilichosemwa siku ile ya Ijumaa. Barua ikachakaa kwenye mikunjo. Muthokoi ukawa wa mara moja kwa siku. Tulianza kumsikia akizungumza na mke wa fundi kwa sauti ya chini, nasi tukaacha kucheza ili tusikie, lakini tulikuwa tumechelewa kusikiliza.

Shule zilipofungwa aligawa nyumba yake. Ndugu yangu, kwa ajili ya kifua chake, alikwenda naye Kitui. Mimi, kwa ajili ya masomo, nilipelekwa kwa mama mdogo kule Kibera, Gatwekera, kwenye chumba cha udongo kilichokuwa tayari na watoto wanne. Mashine tulimwachia fundi, kwa kuwa Kitui hakukuwa na televisheni ya kuichomekea. Asubuhi ya kuondoka mama alinifunga kitambaa kichwani akanipa ule mkebe, ndani yake ndengu za safari. Nikiwa Gatwekera nilijaribu kuwafundisha wasichana wa huko mchezo wa ndege. Nilidondosha mawe mkebeni, nikagonga ubao, nikafumba midomo. Buuu yangu ilitoka kama ya ndama. "We unalia ama unacheza?" wakaniuliza.

Sikuishi tena nyumba moja na mama yangu. Nilikwenda kwake likizo, nikaenda na vyeti, nikaenda na mume, nikaenda na mtoto mgongoni. Alinipokea daima kama mgeni anayepikiwa kuku. Miaka miwili iliyopita, tukiwa tumekaa uani pake na ungo baina yetu, nilipata ujasiri wa kulisema lililonilemea.

"Mama, siku ile uliyotuambia habari ya mashine, hatukukusikia. Tulisikia nusu."

Aliendelea kuchambua. Macho yalikuwa yamefifia, alichambua kwa ncha za vidole.

"Nilijua hamtasikia," alisema. "Ndiyo maana nilianza na mashine." Akatoa kajiwe, akakapapasa, akakatupa. "Ningeanza na kazi, mngecheka saa ngapi?"

Tulimzika mwaka jana. Ploti ya Kawangware imevunjwa, pamesimama ghorofa lenye roshani za chuma, na hakuna pale mtu anayejua bomba lilikuwa upande gani. Ndugu yangu na mimi tulipokutana matangani tulijaribu kuukumbuka ule mngurumo wa mama. Yeye alitoa wake, nami wangu, na haikuwa sauti moja. Hatukujaribu tena, kila mmoja akiogopa kuwa yeye ndiye aliyehifadhi vibaya.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha jikoni juma lililopita, kajiwe kakiwa baina ya vidole. Sebuleni mwanangu na binamu zake walikuwa bado wanaisherehekea mashine yao ambayo haijazaliwa, na sikuwa na habari yoyote ya kuwakatizia. Nilivuta mkebe wa majani ya chai yaliyokwisha, nikauweka miguuni, nikakaachilia kajiwe.

Tik.

Nikangoja kidogo, kisha nikaendelea na ndengu.