Vibarua wa Bertilla

Bertilla hakuwa mkwepa kodi, hilo liwe wazi kabla watu hawajaanza kumnyooshea kidole. Alichukia makaratasi tu, na kama hilo ni kosa basi nusu ya Sumbawanga tutafungwa. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la ulezi Kasense na kibanda cha unga pale Chanji. Alivihangaikia vyote viwili mpaka shule moja ya bweni ikaanza kuchukua unga wake wa uji. Mwaka jana shule ikamwambia kwamba mkataba mpya hautasainiwa bila hati ya kutodaiwa kodi. Kukosa mkataba kwake kulikuwa sawa na kufunga kibanda.

Akaenda kwa Andwele, mwanamume aliyetoka Mbeya na kufungua steshenari jirani na kibanda chake. Andwele akafungua ritani ya kodi kwenye kompyuta, akajaza mauzo, pango, mifuko na usafiri. Alipofika kwenye gharama za shamba akamuuliza alitumia nini kulimia.

"Pombe," Bertilla akajibu.

Wala hakuwa anatania. Kuinua matuta ya shamba zima si kazi ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Unapika pombe ya ulezi, unawaarifu majirani, na siku ikifika wanakuja na majembe yao. Mnafukia majani kwenye matuta huku mnataniana, na jioni mnakaa kuizunguka mitungi. Wiki nyingine pombe iko kwa mwenzako, nawe unabeba jembe kwenda kwake. Hakuna anayemlipa mtu. Ulezi wa kupikia pombe ndiyo gharama pekee aliyoijua Bertilla, na Andwele, ambaye shamba alikuwa akiliona kupitia dirisha la basi, akaandika kama alivyoambiwa: pombe ya kulimia.

Ritani ikakataliwa. Maelezo yalisema gharama ya vileo haihusiani na biashara iliyosajiliwa, kwa hiyo airekebishe na kuituma upya. Andwele alicheka mpaka akavua miwani. Bertilla hakucheka, maana shule ilikuwa imeshapiga simu kuulizia hati.

"Mama, njia ziko mbili," Andwele alisema alipotulia. "Tunaifuta hii gharama, kodi yako inapanda kidogo. Au tunaandika kwamba ulilipa vibarua. Ila hapo wanataka majina na namba za simu."

Kule Kasense, kibarua ni mtu asiye na shamba, anayelima la mwenzake ili apate chakula cha siku hiyo. Jirani yako humwiti hivyo hata mkiwa mmegombana. Bertilla alilijua hilo tangu anabebwa mgongoni. Lakini kodi kupanda kulimuuma, na akajiambia kwamba hayo ni mambo ya kompyuta tu, nani atayasoma? Akatoa simu, akamsomea Andwele majina ya majirani zake, la kwanza likiwa la Wilibrodi, rafiki wa marehemu mumewe, yule aliyesimamia mazishi mwanzo hadi mwisho. Kila jina likapewa ujira wa kubuni.

Safari hii ritani ikapokelewa. Hati ikatoka, mkataba ukasainiwa, na kwa muda Bertilla akajiona mjanja. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, ila huyu wake hakuchelewa sana kuzaliwa. Mtu wa ofisi ya kodi, katika kuhakiki, alimpigia simu Wilibrodi. Siku hiyohiyo mzee akapanda bodaboda hadi Chanji, akasimama mbele ya kibanda.

"Shemeji, wameniuliza kama mimi ni kibarua wako."

Bertilla aliuacha unga kwenye mzani. "Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Wakauliza kama nililipwa. Nikasema nililipwa yote."

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

"Ili wakukamate? Jina langu umeliandika wewe mwenyewe, shemeji, nami ningelikataa vipi?" Hakupandisha sauti. "Sikuwahi kuidanganya serikali mpaka leo."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema nisamehe. Badala yake akachukua mfuko, akaujaza unga na kumpa Wilibrodi. Mzee aliutazama mfuko ule, akauweka juu ya kaunta na kuondoka. Katika yote aliyoyafanya, Bertilla hujutia unga ule kuliko majina.

Kesho yake alirudi kwa Andwele, akataka ritani irekebishwe tena na vibarua wote wafutwe. Akalipa kodi iliyoongezeka na faini juu yake, bila kunung'unika. Mfumo ukapokea. Kwa majirani hakwenda. Aliona aibu, akajipa moyo kwamba likishafutwa limekwisha.

Msimu wa matuta ulipofika alipika pombe nyingi kuliko miaka yote na kutuma taarifa. Usiku hakulala, akihofia kuamkia shamba tupu. Alfajiri wakaja wote, hata Fortunata mwenye mgongo mbovu. Bertilla nusura alie kwa furaha. Walilima vizuri, matuta yamenyooka, ila hakuna aliyemtania mwenzake, na yeye alipojaribu kutania hakuna aliyeitikia.

Jioni, nyumbani kwake pale shambani, akafunua mitungi na kuwakaribisha. Hakuna aliyekaa. Wilibrodi alifuta jembe lake, akavua kofia.

"Bosi, kazi imekwisha. Tunaomba ujira wetu."

"Jamani, pombe hii hapa. Kaeni basi, ndugu zangu."

"Pombe ni ya wenye shamba," Wilibrodi alisema.

Nyuma yake wengine walikuwa wamejipanga mstari. Bertilla aliwatazama mmoja mmoja akitafuta wa kumhurumia, na Fortunata akainamisha macho. Akaingia ndani, akatoka na pesa za unga, akawagawia. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa adabu. Wilibrodi alikuwa wa mwisho. Alikunja noti zake, akazitia mfukoni, akavaa kofia.

"Ukituhitaji tena, bosi," akasema, "namba zetu unazo."