Mbwa Asiyepigwa Picha

Mvua ya Lusangi haina haraka ya kwenda popote. Ilinikuta njiani, nimetoka Kasongo nakwenda Kabambare, nimekaa kwenye pikipiki na gunia la mchele wa matanga limefungwa nyuma yangu. Dereva alitazama mbele, akasema barabara imeshakuwa uji, mama, tungoje. Tukajibanza kwenye duka la bwana mmoja anayechaji simu za watu kwa umeme wa jua. Alikuwa na televisheni ndogo juu ya sanduku la sabuni, na wote waliokimbia mvua walikuwa wameikodolea macho. Mimi niliipa mgongo. Nilikuwa naenda kumlilia fundi cherehani, jirani yetu wa utotoni, na sikuwa na hamu ya picha za watu wanaokimbizana.

Halafu nikasikia miguu inakimbia juu ya mabati, nikageuka bila kutaka. Kijana mwenye fulana ya kijani alikuwa anaruka kutoka paa moja hadi jingine, wenzake watatu nyuma yake, na wa mwisho kandambili moja ikamtoka mguuni na kuangukia kwenye mtaro. Kandambili ile niliitambua kabla ya kuitambua filamu yenyewe. Mwenye duka aliona nimeduwaa, akaniambia: «Hii ni ya zamani, mama. Ni ya Kitamil.» Kumbe. Sisi miaka yote tuliiita ya Kihindi, na hakukuwa na wa kutusahihisha.

Ndugu yangu unayesoma, sijui kama kwenu mlikuwa na nyumba ya video. Yetu pale Kabambare ilikuwa ya udongo, ya mchimba dhahabu mmoja aliyerudi kutoka machimboni na televisheni badala ya mke, kama walivyosema mama zetu. Jenereta lilinguruma nje chini ya kibanda cha majani. Mlangoni alikaa mama wa bitumbura, akikaanga vile vidonge vyake vya unga kwenye mawese, na mpaka leo harufu ya petroli ikichanganyika na ya mawese, mate yananijaa. Watoto tuliingia kwa bakuli la karanga. Lakini kwanza kazi: maji yajazwe mtungini, mpunga uanikwe juu ya mikeka, kuku wafukuzwe juu ya mpunga, na bibi, mama yake baba, akubali kwa mdomo wake kwamba kazi imeisha. Bibi hakukubali haraka. Angeinua mkeka mmoja, aguse mpunga, aguse tena, na huku jenereta limeshaanza.

Raha ya video haikuwa video. Raha ilikuwa fundi cherehani, maana yeye ndiye aliyetutafsiria. Alisimama kando ya televisheni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, uzito wote ameuweka kwenye mguu wake mzima, na kila mtu wa kwenye filamu akimpa sauti. Tajiri alipewa sauti ya mzee wa kodi pale sokoni. Mama yake kijana wa kijani alipewa sauti ya bibi yangu kabisa, mpaka nikaona haya. Lugha ile hakuijua hata neno moja, na tulijua kwamba haijui, lakini nani angemwambia? Bila yeye zilikuwa kelele tu.

Filamu hii haikuwa na nyimbo, wala wanawake wanaocheza mlimani, na mwanzoni tulinung'unika. Ilionekana wazi kwamba waliotengeneza hawakuwa na kitu. Bastola ilikuwa moja filamu nzima. Polisi akimaliza kuitumia, ukingoja kidogo utaiona kwa jambazi. Damu ilikuwa nzito na nyekundu kama mawese. Lakini wale marafiki wanne waliokulia kwenye vibanda vya mabati tuliwapenda kuliko wafalme. Walilala kitanda kimoja kwa zamu, wakala sahani moja, na fundi akasema: «Hawa ni kama watu wa machimbo. Wa kitandani anajifunika, wa chini anatetemeka.» Tajiri akawatuma kuvunja duka la dhahabu, polisi wakawakimbiza juu ya mapaa, na yule wa mwisho, tuliyembandika jina la Kandambili, akakamatwa.

Sasa lazima nikwambie habari ya baba yangu, maana ndiyo yenyewe.

Baba alikuwa seremala. Yeye na fundi cherehani walikuwa marafiki tangu utoto, nyumba zao ziligusana mgongo, na kati ya viwanja kulikuwa na njia nyembamba isiyo na jani hata moja kwa jinsi ilivyokanyagwa. Kinu kilikuwa kimoja kwa nyumba zote mbili. Mimi na binti wa fundi tulitwanga sombe, yale majani ya muhogo, pamoja, mchi wangu ukipanda wake ukishuka, na bibi zetu wakitusema kwamba tunacheka mno na majani bado mazima. Miaka ile ya watu wenye bunduki, wakapita kwetu. Baba na fundi walikuwa wameficha mali zao porini. Wakamkamata baba, wakampiga uwanjani pale sokoni, wakamuuliza ni nani mwingine aliyeficha vitu. Baba akamtaja fundi.

Wakaenda, wakachukua cherehani mbili, wakamwacha fundi na mguu ambao haukunyooka tena. Hakuna aliyekufa. Watu walisema, nani asingesema kwa kipigo kile? Fundi mwenyewe hakugombana na baba hata siku moja. Aliacha tu kumsalimia. Mkewe akaja kuchukua kinu, kwa adabu, kama mtu anayechukua chake, na kwenye ile njia majani yakaota. Bibi akawa anabeba muhogo wake kwenda kutwanga kwa watu wa mbali. Baba akawa mtu wa kutazama chini. Na mimi, nikwambie kweli, sikulia kwa ajili ya cherehani wala mguu. Nililia kwa ajili ya rafiki yangu, ambaye nilisikia mchi wake upande wa pili, mmoja peke yake, kila jioni.

Baba hakuwa mtu wa video. Siku ile alikuwepo kwa sababu mwenye nyumba alimwita kurekebisha mlango uliovimba kwa mvua, na kama unavyowajua mafundi wetu, mlango hautengenezwi mpaka watu wamejaa. Tulikuwa ndani mchana ule, fundi anatafsiri mbele, baba anapiga randa mlangoni, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulizoea kuwaona hivyo.

Kwenye televisheni polisi wakamweka Kandambili kwenye kiti, wakaanza kumpiga. Nikasikia randa imenyamaza. Sikugeuka. Nadhani hakuna aliyegeuka, ila mama wa bitumbura naye aliacha kukaanga. Kila mtu mzima mle ndani alijua kinachokuja. Polisi akainama akauliza. Kandambili akainua uso.

Fundi akaishika futi yake shingoni.

«Hasemi kitu,» alisema.

Lakini midomo ya Kandambili ilikuwa inatembea, tena inatembea sana, na watoto hawana siri. Mmoja wetu akasema: «Papa fundi, mudomo yake iko natembea.»

«Iko nasali,» fundi akajibu. «Anamuomba Mungu. Mutu akipigwa vile, anasali tu. Hakutaja mutu.»

Picha iliyofuata, polisi wanavunja mlango wa kijana wa kijani. Tukashangaa. Wamejuaje? Fundi akasema ni mbwa wa polisi, amefuata harufu. Wakavunja mlango wa pili: mbwa. Wa tatu: mbwa huyo huyo, mbwa hodari. Watu wazima walitazama miguu yao. Binti wa fundi, rafiki yangu, hakuweza kuvumilia. Akamuuliza baba yake mbele ya watu: «Lakini papa, mbwa yenyewe iko wapi?»

«Iko inje,» alisema fundi. «Hawakumupiga picha.»

Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Nilipogeuka, randa ilikuwa chini kwenye maranda, na baba hayupo.

Filamu ikaendelea mpaka mwisho na fundi akambeba yule mbwa wake mpaka mwisho, maskini, kila mahali paliposhonwa vibaya akampachika. Sisi tukarudi nyumbani tunambwekea kila tuliyekutana naye. Siku mbili tatu baadaye baba akachukua ubao mzuri wa mninga aliokuwa amejiwekea, akapita katika ile njia, majani yakimfika magotini, akaenda kutengeneza meza ya cherehani kuukuu aliyonunua fundi baadaye, iliyokuwa imeoza mguu. Hakuitwa na mtu. Alikaa huko mpaka jua likapungua. Walichosema sikijui; bibi alitega sikio karibu na ua akaambulia nyundo tu. Lakini aliporudi, nyuma yake alikuwa anakuja mke wa fundi, na kinu kichwani.

Jioni ile tulitwanga sombe mimi na rafiki yangu. Hakuna chakula nimekula tangu hapo kilichonifika kama kile, bugali moto, sombe la karanga na samaki mkavu wa Nyangwe. Nilijua kwamba nimerudishiwa mtu wangu. Sababu sikuijua, nilidhani ni ule ubao.

Ndivyo nilivyosimama dukani Lusangi, mwanamke mzima na nywele za mvi, mvua inapiga mabati ya huku na ya kule. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Kifaransa changu ni cha shule, lakini kinatosha. Polisi aliinama akauliza. Kandambili akainua uso, midomo ikatembea, na maandishi yakapita: jina la kwanza, la pili, la tatu, na nyumba zao, na rangi za milango. Aliwataja wote. Alikuwa analia na kutaja.

Nilishika ukingo wa sanduku. Fundi hakujua lugha, lakini hakuna aliyehitaji lugha kwa midomo ile. Aliona alichoona. Na yeye, mwenye mguu uliovunjwa, ndiye aliyesimama mbele ya Kabambare nzima akasema hapana, mtu huyu anasali. Nikamlilia pale pale, mbele ya wageni. Dereva akadhani ni mambo ya filamu.

Nilifika Kabambare nguo zimenilowa. Nyumba ya video haipo, pamebaki kichuguu cha udongo wenye majani, na watoto sasa wanatazama kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa, bila wa kuwatafsiria. Baba na bibi wameshatangulia zamani. Ile njia imekatwa na ukuta wa matofali wa watu nisiowajua. Ningependa sana kuwasikia baba na fundi wakiwa pamoja, randa huku na cherehani kule, hata kwa mchana mmoja. Nashukuru tu kwamba kinu kilikuwepo, uani, na rafiki yangu amekaa kando yake na kitambaa cha msiba kichwani, sombe la wageni linamngoja. Tulikumbatiana, nikachukua mchi wa pili.

«Ulikawia wapi, dada?» aliniuliza baadaye.

«Lusangi. Mvua. Niliona ile filamu ya zamani pale dukani.»

Mchi wake ukasimama hewani. «Ile ya mbwa?»

«Ile ya mbwa.»

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaanza kutabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile, kama walivyoniambia wengine. «Na safari hii ulimuona?»

«Hapana,» nilimwambia. «Iko inje. Hawakumupiga picha.»

Akainamisha kichwa, akacheka na kulia, na tukaendelea kutwanga, wake ukipanda wangu ukishuka.